Herufi Tatu za Sweta

Jirani yangu wa kibarazani ni fundi cherehani, tunamwita Bi Herufi. Mimi nashona viatu. Yeye anadarizi herufi za mwanzo za majina kwenye sare za wanafunzi wa bweni, nguo zisichanganyike kambani. Mkono wake, nyie acheni tu! Herufi ndogo kama punje ya mchele, nawe utaisoma bila miwani. Wanawe wote wamesoma kwa sindano hiyohiyo.

Juzi alikuja mama mmoja na binti yake anayeanza shule. Sweta lilitakiwa liwe na herufi tatu: ya jina la binti, la baba na la babu. Mama akashusha sauti, akaeleza kuwa baba mtu alimkana mtoto tangu yumo tumboni, na mwanamume huyo hataki jina lake litumike. Akaomba zitiwe herufi zozote, ndani ya kola, zisionekane. Nikadakia kwamba mwanamume wa namna hiyo ni wa kupigwa kiatu, na viatu ninavyo. Bi Herufi akanikata jicho, nikarudi kwenye kiatu changu.

Binti akasogea karibu na cherehani. Kisha akasema, "Wenzangu wakiniuliza hizi ni za nani, nitawajibu nini?"

Mama yake akaanza kulikunja sweta upya.

Bi Herufi akasimamisha cherehani. Hakutoa pole, hana tabia hiyo. Akamuuliza binti amelelewa na nani. Binti akajibu ni mama, na bibi mzaa mama, ambaye ndiye aliyemfundisha kusoma.

"Basi hao ndio wa kuandikwa," akasema fundi. "Shule inataka sweta lisipotee. Haijauliza baba yako yuko wapi."

Akadarizi ndani ya kola kama alivyoombwa. Binti akapitisha kidole juu ya herufi moja moja, akisema taratibu: mimi, mama, bibi. Akarudia. Halafu akamrudishia fundi sweta.

"Samahani, shangazi. Naomba uzihamishe, ziwe kifuani."

Kufumua na kuanza upya, kazi hiyo! Mimi ningenung'unika hadi jioni. Bi Herufi akachukua wembe, akafumua, akadarizi tena kwa uzi mweupe, safari hii kubwakubwa.

Jua lilikuwa kali, hata kivulini tulitoka jasho. Binti akalivaa sweta lake, akamshika mama yake mkono, wakaondoka.