Kiatu Mlangoni mwa Fundi Kufuli

Jina lake kamili, si lile la kwenye cheti bali lile alilolitolea jasho, ni Fundi Usiguse, mtengenezaji wa makufuli, mwana wa Mzee Komeo, mjukuu wa Mlinzi wa Ghala. Mzee Komeo, baba yetu, ndiye aliyetia komeo kwenye mlango wa choo cha shule, na mwalimu mkuu akabaki humo ndani kuanzia kipindi cha hesabu mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Babu yetu, Mlinzi wa Ghala, aliibiwa viatu akiwa amevivaa. Ghala halikuguswa, na hilo alijivunia mpaka anaingia kaburini. Ndio ukoo wetu huo. Kulinda tunajua sana, ila huwa tunasahau tunalinda nini.

Usiguse ni kitindamimba wetu. Nimembeba mgongoni, nimemfuta makamasi, kwa hiyo haki ya kumsema ninayo. Jina hilo alilipata kibandani kwake, katika jiji kubwa, kwa sababu kila mteja aliyenyoosha mkono kwenye kufuli lililotundikwa aliambiwa, "Usiguse." Jiji lile lilimnenepesha. Mtaa ukiibiwa, kesho yake asubuhi yeye yupo na sanduku la vifaa, anatoa pole kwa mdomo huku macho yanapima mlango. Wezi wakipumzika kidogo, uso wake unaporomoka. Niliwahi kumuuliza kama huwa anawaombea afya njema. Akaninunia wiki nzima.

Yeye, mkewe na binti yao waliishi ghorofa ya tatu, vyumba viwili. Mlango ulikuwa na vitasa viwili, na mbele yake kulikuwa na grili ya chuma yenye makufuli matatu, kazi ya mikono yake mwenyewe. Funguo zote zilifanana na hazikuwa na alama yoyote, ili mwizi akizipata achanganyikiwe. Aliyechanganyikiwa kila siku ya Mungu ni wifi yangu. Wifi ni mshonaji wa mapazia, na cherehani yake ilikaa humo humo ndani, chini ya dirisha. Dirisha nalo lilikuwa na nondo.

Siku ya moshi ilikuwa mchana wa kawaida tu. Binti yao alikuwa nyumbani na homa, hakwenda shule. Usiguse alipotoka alikutana na mtu asiyemjua kwenye ngazi, hakuipenda sura yake, akarudi kuifunga grili kwa nje. Funguo za akiba za mkewe zilikuwa mfukoni mwake, alizichukua jana yake kuzipaka mafuta. Haya, jiko la jirani likashika moto. Moshi ukajaa korido yote. Wachukuzi wa duka la chini wakapanda mbio na nyundo, wakaipiga grili ile, wapi. Wakabadilishana, wakaipiga tena. Kule ndani wifi alikuwa amemlaza mtoto sakafuni, kamfunika kwa pazia la mteja alilolilowesha maji, anasikia nyundo na anasubiri. Aliyewaokoa ni jirani mwenyewe, aliyeuzima moto wake kwa mchanga wa wajenzi. Fundi hakuwepo.

Alifika anahema. Akafungua la kwanza, la pili, la tatu. Mkewe akatoka na mtoto mikononi, wote weusi kwa masizi. Na huyu mdogo wangu, niliyembeba mgongoni, akaangalia alama za nyundo kwenye chuma chake, akasema, "Mmeona? Wanaume wanne na nyundo, na hawakuweza."

Alikuwa amekimbia njia nzima, sikatai. Lakini aliyasema.

Wifi alimpita. Alimwogesha mtoto, akampa dawa, ndipo akamgeukia. "Shule zikifungwa nahama na mwanangu. Tutafute mji pamoja. Nitakapoona nyumba ambayo mtoto anaweza kufungua mlango mwenyewe, hapo ndipo nakaa. Ukitaka kukaa na sisi, karibu. Ukitaka kukaa na makufuli yako, jiji hili ni kubwa, mtatoshana."

Binti naye alianza tabia mpya. Kila alipoingia chumba chochote, alivua kiatu kimoja akakiweka mlangoni, kati ya ubao na fremu, ili mlango usijifunge. Shuleni, dukani, hata kwangu. Anatembea huku anachechemea, mguu mmoja na kiatu, mmoja mtupu. Baba yake alisema ni utoto, utapita.

Basi tukaanza kutafuta mji. Nilichukuliwa kama shahidi, maana wifi alisema kati yao wawili anahitajika mtu mwenye akili.

Mji wa kwanza aliuchagua Usiguse. Ulikuwa njia panda ya malori. Mtu mzima yule alishuka kwenye basi akawa kama bwana harusi. Kila duka na grili, kila grili na mnyororo. Alisimama mbele ya duka la nguo akalipapasa kufuli la watu, yeye mwenyewe anayekataza wenzake kugusa.

"Mnaibiwa sana hapa?" alimuuliza mwenye duka.

"Mzee, we acha tu. Juzi wameng'oa bati."

"Na mafundi kufuli wapo?"

"Alikuwepo mmoja. Aliibiwa vifaa, akahama."

Usiguse akamgeukia mkewe, meno yote nje. "Unasikia? Nafasi ipo wazi."

"Kwa hiyo tumehama," wifi akasema, "au tumezunguka tukarudi palepale?"

Tulikwenda kuangalia nyumba ya kupanga. Binti akavua kiatu akakiweka mlangoni kama kawaida yake. Tulipotoka, kiatu hakipo. Mtoto akarudi kituoni kwa mguu mmoja, mara nyingine namshika mkono, mara nyingine mama yake anambeba, na baba yake nyuma yetu anaeleza kwamba hilo ndilo linaloonyesha soko lilivyo. Sikumpiga. Nilikuwa nimeshika mizigo.

Mji wa pili sina haja ya kuusema sana. Wifi aliupenda kidogo, ila Usiguse aliukuta una fundi kufuli mwenye kibanda cha matofali na kiti cha kuzunguka. Ghafla maji ya mji yakawa na chumvi, hewa ikawa nzito, watu wakawa hawasalimii. Mimi walinisalimia wote.

Mji wa tatu tuliambiwa na mteja wa mapazia. Uko mlimani, barabara yake ni moja, na milango ya nyumba zake iko wazi, imeegemezwa jiwe ili upepo usiibamize. Mwenye nyumba alikuwa mkunga mstaafu, bibi mwembamba wa maneno machache. Nyumba yake ya kupangisha ilikuwa na vyumba viwili, baraza, na mlango wa mbao wenye kikomeo cha mti.

"Mama," Usiguse akaanza, "mlango huu hata paka anaufungua."

"Ndiyo, huwa anaufungua," bibi akajibu. "Ila kufunga hajui, upepo unaubamiza, ndiyo maana nikaweka jiwe."

Tukakubaliana tukae kipindi cha likizo kwa majaribio, ndipo bibi aseme kama anatupangisha na sisi tuseme kama tunapanga. Wifi akaweka cherehani barazani. Siku ya pili akanigusa kiwiko. "Wifi, angalia miguu ya mtoto." Nikaangalia. Binti alikuwa anakimbia na viatu vyote viwili, anaingia ndani, anatoka, anaingia. Jiwe lilikuwa linamfanyia kazi yake.

Hapo ndipo mtu mwenye busara angekaa kimya akanywa chai. Mdogo wangu alikuwa hali chakula. "Dada, nitaishije hapa? Nimeuliza mtaa mzima. Mtu wa mwisho kuibiwa ni mchinjaji, na aliyeiba ni mbwa."

"Tafuta kazi nyingine."

"Mimi ni fundi kufuli, dada. Nikiacha kufuli mimi ni nani?"

Nilimwambia yeye ni mume wa mtu na baba wa mtu. Akaniangalia kana kwamba nimetaja kazi za mikono asizozijua.

Basi akaamua kuutengeneza mji ufanane naye. Alibeba sanduku lake akapita nyumba hadi nyumba, anasimulia ya jijini. Anaanza kwa salamu, anauliza hali ya watoto, halafu anashusha sauti. "Mnamjua vizuri huyu jirani yenu?" Mtu ambaye amekaa na jirani yake tangu wakiwa wadogo anaanza kufikiri. Kinyozi akanunua kufuli. Mchinjaji akanunua. Mwalimu akanunua mawili, moja la kabati.

Mji ule ulichafuka haraka kama maji ya kufulia. Mama wa jirani, aliyezoea kuingia kwa mchinjaji kuazima shoka, akakuta kufuli. "Umenifungia mimi?" Mchinjaji akasema si yeye, ni kwa ajili ya usalama. "Usalama wa nani? Aliyekuwa anaingia humu ni mimi peke yangu." Kinyozi akapoteza chanuo, akaacha kumsalimia mwalimu siku mbili, chanuo likaonekana limechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe. Bombani wanawake walianza kunyamaza wifi anapofika na ndoo. Usiguse akarudi jioni anapiga mluzi. "Nilikwambieni mji huu una nafasi."

Kesho yake akafunga kitasa kwenye mlango wetu. Tena kile kizito, cha chuma, kinachojifunga chenyewe ukiusukuma mlango. Jiwe akalitupa uani. "Fundi kufuli kulala mlango wazi ni aibu," akasema, akaenda zake kwa wateja.

Bibi mkunga alikuja mchana. Alikiangalia kitasa, akamwangalia wifi aliyekuwa anashona, akaketi kwenye ngazi ya baraza. Tulikuwa tumekaa hivyo Usiguse aliporudi.

"Fundi," bibi akasema, "nyumba nimeamua. Mkeo nampa. Mtoto nampa. Huyu dada yako mwenye mdomo namkaribisha aje kutembea. Wewe sikupi."

"Nimekosa nini, mama?"

"Mimi nimezalisha nusu ya mji huu. Waliniita usiku na mchana, na sikuwahi kugonga mlango, nilikuwa naingia tu. Sasa umekuja wewe, kwa muda mfupi tu, kinyozi anahesabu machanuo. Mimi napangisha nyumba, baba. Sipangishi ghala."

Usiguse akamgeukia mkewe, kama mtu anayetafuta wakili. Wifi hakuinua macho kwenye mshono. "Nilikwambia siku ya moshi," akasema. "Basi la jijini linapita kesho asubuhi. Begi lako nimelipanga, liko kitandani."

Kwa hasira akageuka aingie ndani kulitazama hilo begi. Akausukuma mlango. Haukwenda vizuri, ulikuwa umebana kitu chini. Akainama.

Kilikuwa kiatu. Kipya, kile binti alichonunuliwa baada ya kuibiwa kule kwa malori, kimesukumwa kati ya ubao na fremu kwa nguvu mpaka ngozi imekunjamana. Kule ndani, kwenye mkeka, binti alikuwa anachora, mguu mmoja mtupu. Alipomwona baba yake anakigusa kiatu alisimama haraka.

"Usikitoe, baba," akasema. "Mlango utajifunga."

Mdogo wangu akaondoa mkono kwenye kiatu, akabaki amechuchumaa.

"Wewe ulikuwa unafikiria nini," akamuuliza, "siku ile ya nyundo?"

"Nilikuwa nafikiria vile unavyosema siku zote. Kwamba makufuli yako hayavunjiki."

Akanyanyuka. Akamwendea bibi, lakini maneno yalimtoka kama meno yanang'olewa. "Mama, makufuli niliyowauzia watu nitayarudisha. Hela zao nitawapa."

"Utakula nini?"

"Sijui."

"Bawaba za mji huu zote zinalia," bibi akasema. "Kabati langu la nguo sijalifungua tangu mvua za mwaka juzi. Mlango wa zahanati unabebwa na watu wawili."

"Bawaba," Usiguse akasema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa sahani ya jana. "Nimesomea makufuli, leo nipake bawaba mafuta?"

"Basi la jijini ni asubuhi," wifi akasema, na cherehani ikaendelea.

Halafu akafungua sanduku lake, akatoa ile bisibisi yenye mpini wa mti aliyoachiwa na Mzee Komeo, ambayo hata mimi dada yake sijawahi kuruhusiwa kuishika. Akamwita binti, akamkabidhi mkononi.

"Mimi nakwenda kwa mchinjaji, halafu kwa kinyozi. Wewe kitoe hiki kitasa. Nikirudi nikute mlango mtupu na jiwe mahali pake."

"Mimi peke yangu?"

"Peke yako. Anza na skrubu za chini, za juu ziache mwisho, na ukishike kwa mkono wa pili, kizito hicho. Skrubu usizipoteze, nitazitumia kwenye bawaba." Akashuka ngazi ya baraza, akasimama, akageuka. "Na kwanza vaa hicho kiatu. Kitasa kisikuangukie mguuni."