Injili Niliyoitunga

Leo asubuhi nilipofungua kitabu cha masomo ya misa, kurasa zilinuka moshi wa koroboi, nikamkumbuka nyanya, niliyemwita Dani. Macho yake yalikuwa yamekufa, kwa hiyo kila alfajiri mimi ndiye niliyemsomea Injili ya siku. Alichosikia alikitii siku hiyohiyo. Ikitaja wagonjwa, tuliwabebea wagonjwa wa mtaa wa Manyatta uji.

Asubuhi moja baba mdogo, mwanawe wa mwisho, alisimama langoni. Alikuwa ameondoka nyumbani baada ya kumtukana Dani, na tangu hapo mimi ndiye niliyelala katika nyumba yake ya ujana. Akirudi, ningerudi kulala jikoni na kuku.

"Mama, nimekuja."

"Ngoja kwanza tusikie Neno. Soma, mjukuu wangu."

Nikakodolea ukurasa macho, nikasoma kitu ambacho hakikuwapo: kwamba mwana aliyemtukana mamaye asikanyage tena boma lake.

Dani aliuliza, "Imeandikwa hivyo?"

"Ndiyo, Dani."

Baba mdogo akacheka kidogo. "Haya! Hata Yesu amenifungia geti." Akavua viatu kwa sababu ya tope, akashika njia ya Otonglo. Hatukumwona tena.

Nilikuwa mtoto, lakini nilijua ninachofanya, na sikuwahi kukiri kwa Dani. Mpaka alipokufa, kila nilipomaliza kusoma, Dani aliuliza kwa sauti ya chini, "Na leo, bado anakatazwa?"

"Leo hakutajwa, Dani," nilimjibu.