Bolti za Akiba

Mjuaji ni mzigo, na mama seremala alikuwa na wake nyumbani: shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema "sijui".

Mama alikuwa amepata kazi ya madawati ya shule nzima. Manane ya kwanza yalitakiwa Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Kwenye kazi za nyuma pale shuleni alishachelewa mara mbili kwa sababu ya wenye magari ya kukodi, na mwalimu mkuu, mama asiyecheka ovyo, alimwambia kinagaubaga, "Ukichelewa tena, fundi, nampa mwingine." Ndiyo maana akanunua tela la kukunja, la kufunga nyuma ya kigari chake. Lilikuja vipande vipande ndani ya boksi: fremu yenye bawaba katikati, magurudumu, mfuko wa bolti na karatasi ya maelekezo. Kazi ikiisha, unalikunja na kulisimamisha ukutani.

Ijumaa aliposhika spana, shemeji akampokonya.

"Aa, shemeji! Vyuma hivi tuachie wanaume. Wewe kapige vanishi yako."

Dharau gani hiyo! Mwanamke amefunga makabati na milango ya watu miaka ishirini, leo anafukuzwa kwenye bolti! Lakini vanishi kweli ilikuwa haijapigwa, na mumewe naye alijitia hamnazo. Akamwachia.

Jioni tela lilikuwa limesimama, linang'aa. Chini zimebaki bolti mbili nene.

"Na hizi?"

"Za akiba hizo. Kiwandani huwa wanaongeza. Akiba haiozi, shemeji." Akazitia mfukoni.

"Karatasi inasemaje?"

"Karatasi nimewashia jiko."

Mama alisonya, akaenda kulala.

Jumamosi saa tano waliondoka, shemeji amekaa mbele akisifia kazi yake. Kwenye tuta la kwanza tu, paa! Tela likajikunja katikati, madawati yakamwagika barabarani. Mama alishuka, akainama kwenye bawaba. Kila upande palikuwa na tundu tupu, la unene uleule wa zile bolti. Hizo ndizo zinazofunga bawaba tela lisijikunje.

Alinyoosha mkono.

"Toa akiba."

"Shemeji, sikiliza kwanza, hili tuta..."

"Nimesema toa!"

Akazitoa. Mama alilinyoosha tela, akazikaza mwenyewe, huku madereva wakimpigia honi. Dawati moja lilikuwa limevunjika mguu. Walifika shuleni saa sita na nusu.

Ndani ya geti fundi mwingine alikuwa anashusha madawati. Mabaya, misumari imechomoza, lakini yamefika. Mwalimu mkuu akayapitishia mkono yale saba mazima ya mama, taratibu, akaguna.

"Kazi yako nzuri, fundi. Ila nilikwambia."

"Mwalimu, tela lilinikatikia njiani. Nakuomba."

"Nishampa huyu yote. Usikasirike lakini. Wewe nakuweka akiba. Akinishinda, nitakuita."

Mama alianza kufunga upya kamba za madawati yake. Nyuma yake shemeji, kashika ule mguu uliovunjika, akafungua kinywa.

"Thubutu," mama akamwambia.