Mwana hiti aingia kwenye daftari la mwali wa Bigwa

Saa mbili asubuhi, Theresia Anselmi anapanda njia ya mlimani juu ya Bigwa, kikapu kichwani. Juu kuna mchicha. Chini ya mchicha kuna penseli, daftari na kitabu kikubwa cha picha za wachoraji wa Ulaya alichoazimwa misheni.

"Wanaume wa njiani wakiona kitabu wataniuliza nampelekea nani," anasema huku akicheka. "Mchicha hauulizwi."

Anayepelekewa ni Rosa Laurenti, msichana wa miaka kumi na saba, ambaye ni mwali. Tangu Februari yuko ndani kwa bibi yake, Bibi Eufrazia, kama desturi ya Waluguru inavyotaka, na hakuna mwanamume anayemwona. Mwandishi wa habari hizi naye ni mwanamume, kwa hiyo alikalishwa nje ya ukuta wa nyuma, akapewa ndizi, akaambiwa asikilize tu.

Rosa hakuchaguliwa kwenda sekondari. Anasoma kwa njia ya posta, na Novemba hii ya 1975 anatarajia kufanya mtihani wa kidato cha nne. Hesabu imemkataa katakata, kwa hiyo anategemea somo la sanaa apate cheti cha kumfikisha chuo cha ualimu. Anayemfundisha ni Theresia, mkulima wa mboga wa miaka thelathini na minne, ambaye hapandi mlima huu kwa mshahara wowote.

Ofisi inayotuma masomo ilimtaka Theresia achague historia ya sanaa ya Ulaya, ambayo ina kitabu, au ya Tanzania, ambayo haina, na mwalimu ndiye aandike masomo. Jibu, pamoja na masomo ya kuandikwa kama yapo, lisipofika mwisho wa Juni, Rosa angefutwa katika somo hilo.

Theresia alianza na Ulaya. "Wiki tatu tunatazama mabibi wanene wamekaa kwenye viti," anasema. "Rosa akaniuliza, 'Mwalimu, hawa nao ni wali, wamewekwa ndani?' Nikafunga kitabu."

Ndipo akaona kilichokuwa mapajani mwa mwanafunzi wake siku zote: mwana hiti, mwanasesere wa mti ambaye mwali hupewa amlee kama mtoto na kumpaka mafuta. "Mimi naitafuta sanaa ng'ambo, kumbe imepakatwa hapa!"

Furaha ikamzidi. Kitabu cha misheni kilisema kazi ya kuchonga hupimwa kwanza. Theresia akamlaza mwana hiti mezani, akatoa kamba, akaanza kumpima urefu. Bibi Eufrazia akaingia.

Hadi leo sauti humpanda bibi huyo akikumbuka. "Mtoto anapimwa kwa kamba, amelala? Anayepimwa hivyo ni maiti, anachimbiwa kaburi! Nikamwambia, mwalimu, chukua mchicha wako uende."

Mlango ulifungwa siku kumi na moja. Ikabaki wiki moja Juni iishe.

"Nililia," Theresia anakiri. "Mimi Mluguru, nimezaliwa Mlali, nimekuwa mwali mwenyewe, nikasahau jambo hilo. Kitabu kilinilevya."

Alirudi kama mtu anavyokwenda kumwona mtoto, na chupa ya mafuta ya nyonyo na kitambaa kipya. Akapiga magoti mlangoni. "Shikamoo, bibi. Nimekuja kumtazama mtoto."

Bibi alimwacha palepale mpaka magoti yakafa ganzi. Kisha akasema, "Marahaba. Mpakate vizuri, umshike shingo."

Tangu siku hiyo wanafunzi ni wawili na mwalimu ni mmoja, naye si Theresia. Kupitia ukutani anasikika Bibi Eufrazia akisomesha: "Hivi vishungi viwili kichwani ni msuko wetu wa zamani. Huyu mdomo hana, maana mwali hasemi ovyo. Andika!" Rosa anasema jambo kwa sauti ya chini, na wote watatu wanaangua kicheko. Mwandishi hakuambiwa ni jambo gani.

Masomo kumi na mawili yaliandikwa, yakapelekwa posta siku mbili kabla ya muda kwisha. Wiki iliyopita yalikubaliwa. Rosa atachora kazi moja na kuieleza.

Kwa kuwa mwana hiti hatoki nje, bibi alikata shauri. "Picha iende. Mtoto anabaki nyumbani. Na wasahihishaji wakiwa wanaume, shauri yao."

Fomu ya kazi hiyo, inayojazwa kabla ya mtihani, ina nafasi ya jina la mchongaji. Rosa akamuuliza bibi yake.

"Mjomba wangu, Kondo," akasema. "Alikufa mimi bado mdogo. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Rosa akaliandika. Bibi Eufrazia, ambaye hajui kusoma, akataka aonyeshwe lilipo, akaliwekea kidole na hakukiondoa haraka.

"Basi shinda mtihani, uwe mwalimu," akamwambia mjukuu wake. "Mwanafunzi wako wa kwanza ni mimi. Utanianzisha na jina hili."