Silinda za Baba

Harufu ya mafuta ya taa ikinifikia, vidole vyangu hutafuta kitambaa.

Nyumbani Ruiru, baba aliifungua injini ya lori lake kuukuu juu ya gunia, akaosha kila chuma kwa mafuta ya taa. Vali alizisugua mwenyewe, fimbo ya kusugulia ikizunguka kati ya viganja vyake kama mtu anayepekecha moto. Lakini silinda zilikuwa zimelika.

“Baba watoto, si uzisugue hapa hapa?” mama alimuuliza. “Njia ni mbaya siku hizi, askari wamejaa.”

“Hizi mkono hauziwezi. Lazima zichongwe kwa mashine, Thika. Jioni nitakuwa nimerudi.”

Jioni, jirani aliyempeleka kwa gari lake alirudi bila yeye. Aliiteremsha mlangoni petu bloku ya injini, lile chuma lenye silinda.

“Mama, kwa kizuizi cha barabarani askari walitaka kipande, kile cha kitambulisho, naye hakuwa nacho,” alisema. “Wakamshusha yeye. Hii wakasema ipite.”

Niliingiza mkono ndani ya silinda. Ilikuwa laini kama kioo, na baridi.

Baba hakurudi. Nguo zake mama alizigawa baadaye. Silinda alizipaka mafuta kila Jumamosi, zisishike kutu, na mikono yake ilipochoka, akanipa mimi kitambaa.