Tarumbeta ya Pili

Nimerudi nyumbani Area D, Dodoma, na bahasha yenye cheti changu cha chuo kikuu, na tangu nirudi ninasubiri barua za kuitwa kwenye usaili ambazo haziji. Mtu asiye na kazi huishia kufungua maboksi. Katika boksi moja la mama, chini ya vitenge asivyovivaa tena, nikakuta kaseti ya dakika tisini, na juu yake mwandiko wake uliofifia: Bendi, Jumapili. Nikaipiga siku hiyo hiyo. Laiti ningeirudisha chini ya vitenge.

Kama ulikua miaka ile, utakumbuka kwamba mashirika ya umma yalikuwa na bendi zake. Baba aliajiriwa kama karani msaidizi wa stoo, ingawa sidhani kama aliwahi kuhesabu hata gunia moja. Kazi yake hasa ilikuwa tarumbeta ya pili. Chombo chenyewe kilikuwa mali ya shirika, kimeandikwa namba kwa rangi nyeupe kama viti vya ofisini, na kila baada ya onyesho kilirudishwa stoo na kusainiwa kwenye daftari. Alichoruhusiwa kuja nacho nyumbani ni kile kipande cha mdomoni tu, cha kupulizia, ambacho alikiweka kwenye mfuko wa shati. Asubuhi, mama akikoroga uji wa uwele, baba alikaa kizingitini akikipuliza peke yake, kikilia kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Mimi nilikisugua kwa majivu laini na kipande cha fulana kuukuu, kisha nikakijaribu kwa siri, nikaenda shule na ladha ya shaba mdomoni.

Jumapili baada ya ibada kulikuwa na onyesho la mchana, na watoto tuliruhusiwa kuingia. Nakumbuka sakafu ya saruji iliyomwagiwa maji kutuliza vumbi, harufu ya karanga na mishikaki, na upepo wa Dodoma ukitikisa mabati juu yetu. Wimbo mmoja uliweza kuchukua nusu saa. Waimbaji wakimaliza beti zao magitaa yalikamatana, tumba zikapanda, likaanza lile tuliloliita chemko, na hapo hakuna aliyejua mwisho uko wapi isipokuwa kiongozi wa bendi. Yeye alipiga gitaa la solo. Alipoinua shingo ya gitaa lake juu, ndipo wote walipofunga kwa pamoja.

Siku ya kaseti hii, mama alikuwa ameazima redio kubwa ya jirani yetu na kuiweka kwenye meza ya mbele. Mkanda unaanza na wao wawili, mama na huyo jirani.

“Dada, usiguse hapo, inarekodi.”

“Kwa hiyo na sauti yangu imo?”

“Imo. Na karanga unavyotafuna zimo.”

“Basi sema nimefika sasa hivi. Mume wangu asije akasikia nipo hapa tangu saa nane.”

Wanacheka, halafu ngoma zinawafunika.

Ule wimbo wa mwisho ulichukua upande wa pili karibu wote. Katikati ya chemko nikabanwa na haja ndogo. Jirani alikuwa ameshaingia kucheza, mama hakuweza kuiacha redio ya watu mezani, na mimi vyoo vya nyuma ya ukumbi niliviogopa. Akaniambia, “Nenda kwa baba yako.” Nikapita katikati ya wachezaji, nikapanda jukwaani, nikamvuta suruali. Hakukasirika. Aliitua tarumbeta juu ya kiti chake, akanishika mkono, tukatoka kwa mlango wa nyuma.

Nilipomaliza, kulikuwa na mama mmoja nje mwenye beseni la zabibu za Makutupora. Nikazililia. Baba akaninunulia kichala kimoja, tukakaa kwenye ngazi. Nilimuuliza kama hatachelewa, maana hata nikiwa na miaka saba nilikuwa mtu wa wasiwasi. Akasema, “Kula taratibu. Kiongozi leo ana mzuka, wimbo huu hauishi.” Nikala taratibu kweli, nikitema mbegu moja moja na kuona zinafika umbali gani. Tuliporudi ndani, watu walikuwa wanapiga makofi na gitaa la kiongozi lilikuwa limeshainuliwa.

Jumatatu stoo ilikuwa na kufuli jipya na karatasi yenye mhuri. Shirika limefilisiwa. Baadaye ilijulikana kwamba kiongozi alikuwa ameitwa ofisini tangu Ijumaa, akaambiwa vyombo vitachukuliwa baada ya onyesho, na akakatazwa kumwambia yeyote. Ndiyo maana hakutaka kuufunga ule wimbo. Wiki chache baadaye ikaja barua ya kudai kile kipande cha mdomoni, kwa kuwa nacho kilikuwa kwenye orodha ya mali. Baba alikifunga kwenye gazeti, akakipeleka mwenyewe kwa miguu. Kisha akaenda Kibaigwa kupima magunia ya mahindi, na huko akamaliza miaka kumi na miwili. Hakushika tarumbeta tena.

Hayo yote niliyajua. Ambacho sikukijua kimo kwenye mkanda. Kwanza zinasikika tarumbeta mbili, moja juu, moja chini yake ikiitikia. Halafu ile ya chini inakatika, na hapo ndipo nilipomvuta suruali. Dakika chache baadaye, sauti ya kiongozi inapita katikati ya magitaa, bila kipaza sauti, kama mtu anayemwita mwenzake ng’ambo ya barabara: “Tarumbeta ya pili, rudi.” Magitaa yanazunguka. “Rudi, ndugu yangu, tunakusubiri.” Yanazunguka tena, marefu, na ile tarumbeta ya kwanza inapiga sehemu yake na kuacha nafasi ya kuitikiwa. Inaiacha mara nyingi. Nimezihesabu, na sitakwambia ni ngapi.

Kuna jambo moja zaidi. Baba akisimulia habari za bendi kwa majirani, humalizia hivi: “Siku ile ya mwisho nilipiga mpaka tukafunga.” Sidhani anadanganya. Nadhani ndivyo alivyoikumbuka ili aweze kuishi nayo, na ndiyo kitu pekee alichobaki nacho. Ukumbi umekuwa ghala la mbolea. Kiongozi alifariki, na mpiga besi hajulikani alipo. Mjini hapa simjui mtu mwingine awezaye kumwambia baba jinsi siku ile ilivyokwisha, zaidi ya mama, ambaye hajawahi kumsahihisha, mimi na hii kaseti. Kwa hiyo niliificha chini ya godoro. Nilifikiria kuivunja, nikafikiria kumwambia mama, nikafikiria kwamba labda kufikiria kwenyewe ni ugonjwa.

Lakini mama alikuwa amenisikia nikiipiga, akamwambia baba.

“Mama,” baba aliniita, kama anavyoniita tangu utotoni, “ilete hiyo kaseti nimsikie kiongozi wetu.”

“Betri zimeisha, baba.”

“Umeme upo.”

Nikaiweka. Nilianza na upande wa kwanza nikitumaini atasinzia. Hakusinzia. Upande wa pili aliupokea kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia, vikibonyeza goti lake, kila noti mahali pake. Tarumbeta ya chini ilipokatika, vidole viliendelea. Nilidhani tumepona.

Kiongozi akaita. Vidole vikasimama.

Akaita tena. Baba aliitazama redio, akainamisha kichwa kidogo, akaijibu kwa sauti ya heshima, ile tunayowajibia wakubwa wa kazi:

“Nakuja, kiongozi. Niko na mtoto.”

Mkanda ukaisha kabla ya wimbo kuisha, kitufe kikaruka. Baba hakunitazama. Alikaa vilevile, mikono magotini, kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kula.