Baba Mkwe Aliyenisalimia Kwenye Barafu

Usinicheke. Mimi si mtu wa kuona mashetani kila kichaka, na siku ile sikuwa nimeota. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na mwanangu Atupele mgongoni.

Kwetu ni Makwale, huku Kyela kwenye joto. Mume wangu alikuwa amekodi shamba la viazi kule juu, milima ya Makete, nikapanda kumsaidia kuvuna. Loo, baridi ya kule! Alfajiri majani yote meupe kwa barafu, ukikanyaga yanavunjika. Atupele akaanza kukohoa, kifua kikambana. Nikasema leo hii namrudisha kwenye joto kabla hajanifia.

"Subiri jua, mama Atu," mume wangu akaniambia.

Nisubiri mimi? Nikamfunga mtoto kwa mbeleko, nikashuka peke yangu.

Njia ya kushukia Matema ni nyembamba: huku mwamba, huku korongo. Ukungu ukatanda. Mawe yalijaa barafu, nikawa nashuka kwa makalio. Ndipo nikasikia mtu anakohoa mbele yangu, na kikohozi chenyewe nakijua. Cha baba mkwe wangu, ambaye tulishamzika.

Labda wewe hujui mila yetu. Mwanamke hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Yeye anakohoa ujue anakuja, wewe unapisha njia, unajifunika mpaka apite. Wala hakusemeshi. Miaka yote nimeolewa nyumbani kwake sikuwahi kuiona sura yake, hata siku ya msiba sikusogelea jeneza.

Sasa pale nimpishe wapi? Nikachuchumaa, nikajifunika kitenge, nikageukia mwamba.

Hakupita. Chini ya upindo wa kitenge niliona miguu yake, peku juu ya barafu. Nikijaribu kurudi nyuma, nateleza kuelekea korongoni. Atupele akaacha kukohoa, akaanza kucheka.

"Ugonile," akanisalimia, kama mtu anayeuliza umeamkaje. "Nipe mjukuu wangu nimbebe. Utaanguka naye."

Niamini, mikono yangu ilishaanza kufungua fundo la mbeleko. Nani anamkatalia baba mkwe? Kisha nikashtuka: ananisemesha? Mzee yule hata alipokuwa anakata roho, akitaka maji kwangu alimtuma mwanawe. Huyu si yeye!

Nikafunua uso, nikamkodolea macho. "Sikupi!"

Alikuwa mzee mwenye kovu juu ya jicho. Mkono wake ulikuwa umeushika mguu wa Atupele. Nilipomtazama, akainamisha uso kwa aibu, akauachia mguu, akapotelea ukunguni.

Sijui nilifikaje Matema. Mume wangu aliporudi nilimbana anionyeshe picha ya baba yake. Kovu lilelile. Alikuwa ni yeye kabisa, na nikalia mpaka sauti ikakauka.

Atupele amepona kifua, anakimbia. Lakini mguu wake wa kushoto ni wa baridi mpaka leo, hata mchana tukiwa tunatokwa jasho. Mume wangu ndiye anayemvisha soksi kila jioni.

Nawe ukipita milima ile alfajiri na mtoto mgongoni, akikusalimia mtu wenu mliyemzika, usimwonee haya. Mtazame usoni, na ukaze mbeleko.